Tahadhari: muuzaji wa modeli za "Super VC10 ya East African"

Ndugu zangu mnaojenga modeli za ndege, na hasa mnaotafuta ndege za lile shirika letu la East African Airways, kuna mtu anazunguka mitandaoni na ameshawaliza wengi. Anasema yuko Uingereza, Kiswahili chake kimenyooka, na bidhaa yake ni ile ile: boksi la zamani la Airfix, kampuni ya Uingereza ya modeli za kuunganisha, ndege ya abiria Super VC10, kipimo cha 1/144, "halijafunguliwa tangu 1964, lina dekali za East African za kiwandani", yaani michoro na maandishi ya kubandika kwenye modeli. Sitaji jina kwa sababu analibadilisha kila mara, pamoja na namba ya simu. Kisichobadilika ni maneno ya tangazo na picha moja ya boksi lenye kona iliyochanika ikashikizwa kwa selotepu.

Anajua anaowatafuta. Huingia palipo na watoto na wajukuu wa watu waliofanya kazi Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, enzi za shirika, akaanza kwa stori za zamani na picha za ndege, halafu siku mbili tatu baadaye anamfuata mtu pembeni. Rafiki yangu wa Nairobi alilinunua boksi hilo amzawadie mzee wake, fundi wa injini aliyestaafu ambaye alizishika VC10 zenyewe kwa mikono yake. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuijenga, kwa hiyo niliyoyakuta ndani nimeyaona mwenyewe.

Boksi lenyewe ni la kweli. Kadibodi ni ya zamani na rangi imepauka inavyostahili, na hapo ndipo watu wananaswa. Nailoni iliyolibana ndiyo mpya. Nailoni ya namna ile inauzwa kwa mita, na mtu akiwa na mashine ya kukaushia nywele anaibana mezani kwake kwa dakika chache. Ndani nilikuta vipande vya seti mbili tofauti vimechanganywa: bawa moja la plastiki nyeupe, jingine la kijivu, na kioo cha chumba cha rubani hakipo. Karatasi ya maelekezo, chini kabisa kwa herufi ndogo, imeandikwa Hornby. Hornby waliinunua Airfix mwaka 2006. Karatasi ya miaka hiyo imeingiaje kwenye boksi ambalo halijafunguliwa tangu 1964?

Na huo mwaka 1964 wenyewe ni uongo wa wazi. Super VC10 iliruka kwa mara ya kwanza Mei 1964, na BOAC, shirika la ndege la Uingereza, walianza kubebea abiria Aprili 1965. East African walipokea yao ya kwanza mwaka 1966. Hakuna kiwanda kingetoa dekali za ndege ya shirika ambalo bado halina ndege hiyo. Boksi la zamani la Airfix ni la BOAC, kwenye picha ya juu na kwenye dekali za ndani. Mtu akikwambia lina za East African "za kiwandani", ujue umeshapata jibu lako, wala usiendelee kuuliza bei.

Dekali alizotia yeye zimechapishwa kwa printa ya nyumbani. Nilikata herufi moja pembeni, nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kama tunavyofanya siku zote. Sikuwa nimeweka hata kibano mezani, wino mwekundu ulishaanza kusambaa majini, na herufi ikabaki kivuli. Printa ya wino wa maji inachapisha vizuri tu kwenye karatasi ya dekali, lakini lazima karatasi ipuliziwe vanishi ikauke kabla haijagusa maji, na huyu bwana hata hilo hakujisumbua. Tena printa za kawaida hazina wino mweupe. Ukibandika njano yake juu ya rangi nyeusi, njano inamezwa, huioni. Mtu aliyelipa zaidi ya pauni mia moja anastahili angalau herufi zisizoyeyuka.

Namna anavyokuvuta mpaka utume pesa haibadiliki. Ukimwomba picha za ndani, anajibu kwamba akilifungua litapoteza thamani. Jibu hilo linaingia akilini, kwa sababu ni kweli wakusanyaji hulipa zaidi kwa boksi lililofungwa, lakini kwake ndilo pazia la wizi. Ukisita, anakwambia kuna mteja Dubai ameshaahidi kulipa kesho asubuhi. Ukikubali, anakuomba utume kwa PayPal kama unamtumia ndugu au rafiki, "tusikatwe makato". Msikubali hilo hata kwa muuzaji mnayemwamini. Pesa iliyotumwa kwa njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Ukilipa kama mtu anayenunua bidhaa, una siku 180 za kufungua malalamiko, na kitu kisipolingana na tangazo unaweza kurudishiwa fedha zako. Kwa walio huku nyumbani anaomba M-Pesa kwa namba ya "binamu". Akishapokea anaitoa hapo hapo, na hata ukiomba muamala urudishwe hakuna cha kurudisha.

Kabla hujalipa, kwa muuzaji yeyote wa modeli za zamani, omba picha ya fremu zote za plastiki zinazoshikilia vipande zimetandazwa mezani, na katikati yake kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya siku hiyo kwa mwandiko wa mkono. Mwenye mali halali ataona ni usumbufu kidogo, lakini ataipiga. Angalia ubavu wa boksi: kukiwa na msimbo wa mistari wa kuskani dukani, si la miaka ya 1960, maana misimbo hiyo ilianza kutumika madukani mwaka 1974. Alama ya CE nayo ni ya miaka ya 1990 kuja huku. Kwenye dekali, uliza zimechapishwa kwa mashine gani, na kama kuna weupe chini ya rangi. Anayezitengeneza kwa haki atakujibu kwa furaha, tena atakueleza mpaka uchoke.

Wengine mmeshalipa na boksi mnalo. Msilitupe. Vipande vikiwa vimetimia, au vimekosekana viwili vitatu, bado inatoka ndege nzuri. Seti hii ni ya zamani, mistari inayoonyesha maungio ya mabati ya ndege imeinuka juu badala ya kuchimbwa. Ipige msasa wa maji mpaka iwe laini, kisha uichimbe upya kwa sindano na rula ya chuma. VC10 injini zake nne za Conway ziko nyuma kabisa, hivyo modeli isipowekewa uzito puani itakalia mkia. Tia machubwi ya wavuvi ndani ya pua, uyagandishe kwa gundi kabla hujafunga bodi, maana ukishafunga huna pa kupitishia. Kioo kilichopotea unaweza kukikunja kutoka kwenye plastiki angavu ya pakiti, au uzibe nafasi kwa puti na kubandika madirisha ya dekali.

Jambo linalosahauliwa sana ni mlango wa mizigo. Ndege za East African zilikuwa aina ya 1154, zenye mlango mkubwa wa mizigo ubavu wa kushoto upande wa mbele, ambao Super VC10 za BOAC hazikuwa nao. Chonga mstari wake kwenye bodi. Bila mlango huo, hata dekali ziwe safi namna gani, mzee aliyefanya kazi Embakasi ataona mara moja kuwa hiyo ni ya BOAC iliyovishwa nguo za wenzake. Shirika lilikuwa na tano tu. Moja ilianguka Addis Ababa Aprili 1972. Nyingine, 5H-MOG, iliyotoka kiwandani 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kujengwa. Shirika lilipovunjika 1977 zile nne zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia wenzao mafuta angani katika jeshi la anga la huko, na zilikuwapo kazini mpaka 2013. Amua mapema unajenga ipi, kwa sababu namba za usajili zinatofautiana: 5H ni ya Tanzania, 5Y ya Kenya na 5X ya Uganda, na huyu tapeli kwenye karatasi yake ametia 5H peke yake mara tatu.

Kwa anayetaka kuanza upya, Roden wa Ukraine wametoa Super VC10 ya 1/144 yenye umbo bora kuliko hii ya Airfix, na inapatikana kwenye maduka ya kawaida bila stori za mwaka 1964. Huhitaji kulipa bei ya mkusanyaji kwa kitu unachokwenda kukikata na kukipiga msasa.

Mliotapeliwa, hifadhini mazungumzo yote kama yalivyo, na risiti ya malipo. Kama kifurushi bado hakijafika, kikifika kipigeni video kuanzia kikiwa kimefungwa. Waliolipa kama wanunuzi wa bidhaa wafungue malalamiko leo, siku 180 zinahesabiwa tangu tarehe ya malipo, wala si tangu boksi lilipofika. Waliolipa kwa M-Pesa waripoti polisi na wachukue namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Namba za simu anazotumia, kila mmoja wenu nitumieni kwa faragha. Nazikusanya zote ili zipelekwe pamoja, maana malalamiko ya mtu mmoja mmoja ndiyo yaliyompa nafasi ya kuendelea mpaka sasa.