Kituo cha St Pancras, London: Kampuni ya Reli Iliyoandika Historia Yake kwa Chuma

Anayepanda ngazi kutoka treni ya chini ya ardhi na kutokea Barabara ya Euston hukutana na vituo viwili vikubwa vya reli vilivyosimama ubavu kwa ubavu, vikitenganishwa na barabara moja tu. Upande mmoja ni King's Cross, jengo la matofali ya manjano lisilo na mapambo mengi, lililofunguliwa mwaka 1852. Upande wa pili ni St Pancras, lenye matofali mekundu, madirisha yaliyochongoka na mnara wa saa, ambalo lilianza kupokea treni tarehe 1 Oktoba 1868. Mgeni hujiuliza ni kwa nini mji ujenge vituo viwili vya fahari mahali pamoja, na jibu la swali hilo ndilo linalonifanya nipendekeze St Pancras hata kwa mtu asiye na tiketi mkononi. Nimekipita kituo hiki nikiwa abiria mwenye haraka, kisha nikakirudia nikiwa mtazamaji mwenye nafasi, na ninakitathmini kwa macho yote mawili.

Reli za Uingereza hazikujengwa na serikali. Kila njia ilikuwa mali ya kampuni ya wanahisa iliyopewa kibali na Bunge, na kila kampuni yenye uwezo ilitaka kuingia London kwa mlango wake yenyewe. Midland Railway, iliyozaliwa mwaka 1844 kwa kuunganishwa kwa kampuni tatu na kuwa na makao yake Derby, ilihudumia migodi ya makaa ya mawe, viwanda na abiria wengi, lakini haikuwa na njia ya kufika mji mkuu. Treni zake zilipita kwanza Rugby hadi kituo jirani cha Euston juu ya reli za kampuni nyingine, na kuanzia mwaka 1858 zikapita Hitchin hadi King's Cross juu ya reli za kampuni ya Great Northern, kwa malipo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 1862, watu walipomiminika London kuangalia Maonyesho ya Kimataifa, njia zilielemewa, treni za Midland zikachelewa vibaya, na wakurugenzi wake wakaamua kwamba kuazima kumetosha. Mwaka uliofuata walipata kibali cha Bunge, na miaka mitano baadaye walikuwa na kituo chao, kando kabisa ya kile cha mwenye reli waliyekuwa wakimlipa.

Kwa hiyo usiingie St Pancras ukitazama vibao vya treni pekee. Panda ngazi hadi usawa wa majukwaa, kisha inua uso. Paa lililobuniwa na mhandisi William Henry Barlow lina upana wa takriban mita 73, urefu wa mita 210 na kimo cha mita 30 hivi, na lilipokamilika hapakuwa na paa jingine duniani lililovuka nafasi pana kiasi hicho bila nguzo hata moja katikati. Mbavu zake za chuma zimepakwa rangi ya samawati ya anga, na siku ya jua mwanga hushuka kupitia vioo ukatua sakafuni kwa mistari mirefu. Sogea mpaka ukutani, mahali ubavu mmoja unapozama sakafuni, na utasoma herufi zilizotokezwa kwenye chuma chenyewe: jina la kampuni ya Butterley ya Derbyshire, na mwaka 1867. Niliweka kiganja juu ya herufi hizo. Ni baridi, ni nene, na kingo zake bado zinashikika vidoleni baada ya zaidi ya karne moja na nusu.

Kinachonishangaza zaidi kimefichwa chini ya miguu. Tao kubwa husukuma miguu yake nje, na paa nyingi za aina hii huhitaji vyuma vya kukaza vinavyokatiza juu ya vichwa vya watu. Barlow hakuvihitaji, kwa sababu sakafu yenyewe ya majukwaa ndiyo inayoshika miguu ya tao pande zote mbili, kama upinde na uzi wake. Sakafu hiyo iko juu ya usawa wa barabara kwa kuwa reli ililazimika kuvuka Mfereji wa Regent muda mfupi kabla ya kufika kituoni, na nafasi iliyobaki chini yake haikuachwa bure. Ilisimamishwa juu ya mamia ya nguzo za chuma na kugeuzwa ghala la bia iliyoletwa kwa treni kutoka Burton upon Trent. Barlow mwenyewe alieleza kwamba umbali kati ya nguzo na nguzo ulipimwa kwa kufuata vipimo vya mapipa ya bia. Leo ghala hilo ni ukumbi wa maduka na mahali pa kuingilia treni za Eurostar, ziendazo Paris na Brussels. Sakafu ya juu imetobolewa ili mwanga ufike chini, lakini nguzo zilezile zimesimama kwa vipimo vilevile, na ukitembea kati yake unatembea katika nafasi za mapipa.

Ukarimu wa Midland haukuishia kwenye majengo. Mwaka 1872 kampuni hiyo ilitangaza kwamba abiria wa daraja la tatu watapokelewa katika treni zake zote, wakati ambapo kampuni nyingine ziliwabagua kwa kuwaachia treni za polepole. Mwaka 1875 ikafuta daraja la pili kabisa, na wenye tiketi za daraja la tatu wakaanza kukaa katika mabehewa ya hadhi ya daraja la pili. Washindani walilalamika kwamba Midland inawaharibia biashara, lakini baada ya muda wakalazimika kuifuata. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko mnara wowote, na sioni kwa nini kituo hakilitangazi kwa herufi kubwa.

Hoteli iliyo mbele, Midland Grand, ilibuniwa na George Gilbert Scott na kufunguliwa mwaka 1873. Ni jengo la kutazamwa polepole kutoka upande wa pili wa barabara. Vyumba vyake vingi havikuwa na bafu za ndani, hivyo ilipitwa na wakati mapema, ikafungwa mwaka 1935 na kugeuzwa ofisi za reli. Ilirudi kuwa hoteli mwaka 2011.

Wakati hoteli inafungwa, mmiliki wake alikuwa amekwisha kubadilika. Kwa sheria ya mwaka 1921, kampuni zaidi ya mia moja zilikusanywa katika makundi manne kuanzia tarehe 1 Januari 1923, na Midland ikajikuta nyumba moja na mshindani wake wa Euston ndani ya kampuni ya London, Midland and Scottish. Tarehe 1 Januari 1948 makundi yote manne yakataifishwa. Mmiliki akiwa mmoja, vituo vitatu vya jirani vilianza kuonekana kuwa ni ziada. Lango kubwa la mawe la Euston lilibomolewa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1961, na miaka michache baadaye ukaletwa mpango wa kuunganisha King's Cross na St Pancras. Wapenzi wa majengo ya kale, mshairi John Betjeman akiwa miongoni mwao, walipiga kelele mpaka mwaka 1967 jengo likawekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa kisheria. Sanamu yake ya shaba imesimama usawa wa majukwaa: mkono mmoja umeshika kofia isianguke, koti linapepea nyuma, na uso umeelekezwa kwenye paa. Ni sanamu bora kuliko ile kubwa ya mita 9 ya wapenzi wanaokumbatiana chini ya saa, ambayo kila mtu huipiga picha.

Ukarabati uliogharimu takriban pauni milioni 800 ulikamilika mwaka 2007, na tarehe 14 Novemba mwaka huo treni za kwenda Paris na Brussels zikahamia hapa kutoka Waterloo. Kwa abiria wa masafa hayo kituo kinafaa sana: njia ni pana, alama zinasomeka, na kutoka jukwaani hadi treni za chini ya ardhi hakuna haja ya kutoka nje kwenye mvua. Kuhusu chakula sitasema mengi. Mgahawa mmoja niliouchagua kwa haraka ulinipa chai iliyopoa na mkate mkavu, lakini King's Cross iko ng'ambo ya barabara na uchaguzi ni mpana.

Nina malalamiko mawili ya kweli. La kwanza ni kuhusu watu waliokuwa hapa kabla ya reli. Ili njia ipite, mtaa wa maskini wa Agar Town ulibomolewa, wamiliki wa nyumba wakalipwa fidia, na wapangaji wakaondoka mikono mitupu. Nilizunguka kituo kizima nikitafuta neno lolote kuwahusu, sikuliona. Sehemu yenye maduka na vibao vingi ingeweza kuwapa ukuta mmoja.

La pili ni kuhusu treni zenyewe. Treni za Eurostar zina urefu wa takriban mita 400, hivyo paa la Barlow halikuweza kuzifunika zote, na upande wa kaskazini likaongezwa paa jipya, la bapa. Treni za Leicester, Nottingham, Sheffield na Derby, yaani miji ya Midland iliyogharimia kila tofali unaloliona, zimehamishiwa huko nje, kwenye majukwaa 4 ya pembeni. Abiria wake huanza safari bila kupita chini ya paa walilojengewa. Sababu za kiufundi ninazielewa, lakini inaniuma.

Ukiwa na saa mbili, anzia barabarani mbele ya hoteli, shuka kwenye nguzo za ghala, kisha panda juu na utembee upande wa kaskazini bila haraka, ukihesabu mbavu za chuma hadi ile ya mwisho. Hapo samawati hukoma na paa la bapa huanza. Pinda kushoto, na utakuta treni ya Derby ikisubiri.