Rivyu ya maabara ya kukodi ya panya wa SAH: ulipie sindano au uzi?

Wakuu habari za saa hizi. Kuna wadau wa utafiti wa ubongo wananifuata inbox kuhusu ile maabara ya kukodi huku Ulaya tuliyoipa kazi ya kujaribu dawa yetu kwa panya, nikaona niandike mara moja yaishe. Jina sitaji msinilazimishe, na hata nikitaja haiwasaidii sana maana kampuni za aina hii zinauza karibu kitu kilekile, tofauti ni bei na maneno ya muuzaji.

Kwa ambao hawapo kwenye fani, SAH ni damu kumwagika kwenye ile nafasi nyembamba inayozunguka ubongo ambayo kwa kawaida ina maji tu. Ikitokea yenyewe bila mtu kugongwa kichwa, kama asilimia 85 hivi ni aneurizimu imepasuka, yaani kipande cha mshipa kimetuna kama puto na ukuta wake umekuwa mwembamba. Mgonjwa anakwambia kichwa kilimpiga ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata tangu azaliwe. Ni karibu asilimia 5 tu ya viharusi vyote ila inabeba watu wa miaka 50 na kitu ambao bado wanalipa ada za watoto. Na aliyenusurika siku ya kwanza bado hajavuka, kuanzia kama siku ya 3 mpaka ya 14 mishipa ya ubongo inaweza kujikaza, damu haipiti vizuri, sehemu ya ubongo inakufa mtu akiwa yuko wodini tena alishaanza kuongea. Hicho ndo kitu kila mwenye dawa mpya anataka kukizuia, na huwezi kuanza kujaribia kwa binadamu, ndo tunakuja kwa panya.

(Si wale panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu jamani, hawa ni panya weupe wa maabara, gramu 300 na kitu, ubongo wenyewe gramu mbili tu.)

Sasa huduma. Walikuwa na vifurushi viwili, yaani njia mbili za kumsababishia panya SAH, sindano na uzi, na bei ya uzi iko juu kweli kweli.

Sindano iko hivi. Panya anapigwa nusu kaputi, anatolewa damu yake mwenyewe, wanaingiza sindano kisogoni mpaka kwenye ule mfuko wa maji wanaouita sistena magna, wanatoa maji kidogo halafu wanamwekea ile damu, kawaida kama mililita 0.3, kisha analazwa kichwa kikiwa chini ili damu ielekee mbele kwenye mishipa mikubwa. Baada ya saa 48 wanarudia tena. Usikubali kifurushi cha sindano moja hata wakikupunguzia, maana mwili wa panya unaisafisha ile damu haraka sana na mshipa unajikaza kidogo tu, kurudia mara mbili kulishaonekana kunafanya kazi kwa mbwa tangu 1983 na kwa panya baadaye. Uzuri wa sindano ni kwamba kiasi cha damu unakijua, vifo vichache, panya wote wanafanana, grafu inatoka safi mpaka unataka kuifremu ukutani. Kazi ya mikono waliifanya vizuri, hapo sina neno, picha za mishipa walizotutumia zilikuwa kali na vipimo vya upana wa mshipa vilipangwa vizuri kwenye faili.

Tatizo ni kwamba kwenye sindano hakuna mshipa uliopasuka. Binadamu aneurizimu ikipasuka presha ndani ya fuvu inaruka ghafla, wakati mwingine inakaribia presha ya damu yenyewe, kwa hiyo kwa dakika kadhaa damu karibu inagoma kabisa kuingia ubongoni, ndo maana wengine wanazimia palepale. Ile dakika ya kwanza inaharibu ubongo mzima hata kabla hatujafika kwenye mambo ya mishipa kujikaza, na siku hizi utafiti mwingi umehamia huko, zile saa 72 za mwanzo. Sindano ikisukumwa polepole na mtu aliyetulia na saa mkononi hiyo dakika huipati.

Uzi ndo unakupa. Hii mbinu ilichapishwa 1995 na makundi mawili tofauti mwaka uleule, Bederson na wenzake na Veelken na wenzake. Wanapasua shingo, wanakata karotidi ya nje (karotidi ni mishipa mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kichwani), kupitia kile kisiki wanapitisha uzi mgumu wa upasuaji, wengi wanatumia Prolene uleule wa thieta, unapanda kwenye karotidi ya ndani mpaka ndani ya fuvu pale mshipa unapogawanyika, wakisikia unakwama wanausukuma milimita chache zaidi, mshipa unatoboka, wanauvuta nje. Kama wamemfunga leza dopla kichwani, kile kifaa cha kupima mtiririko wa damu, unaona mstari wa mtiririko wa damu unaporomoka kwenye skrini saa hiyohiyo. Mshipa halisi umetoboka, damu halisi, presha halisi. Lakini mkuu, hapo damu kiasi gani itamwagika hupangi wewe, mwingine anavuja kidogo haihesabiki, mwingine anafurika, na kwenye ripoti nyingi zilizochapishwa karibu nusu wanakufa ndani ya siku moja. Na ni kazi ya mkono hasa, fundi mmoja akienda likizo akaja mwingine namba zinabadilika, kwa hiyo uliza kabisa ni nani atakuwa anashika uzi na ni mtu mmoja au wanabadilishana.

Muuzaji wao alitusukuma sana kwenye sindano, bei chee, inaisha haraka, na akatuonyesha slaidi ya dawa moja ya mteja mwingine iliyofungua mshipa vizuri sana. Mimi hapo ndo nilianza kuwa na wasiwasi kwa sababu tulishaiona hii sinema. Clazosentan, dawa ya kuzuia mishipa kujikaza, ilifungua mishipa kwa wanyama, ikafungua mishipa hata kwa binadamu, kwenye jaribio la CONSCIOUS-1 lililochapishwa 2008 lenye wagonjwa 413, waliojikaza mishipa kwa kiwango cha kati au kikali walishuka kutoka asilimia 66 mpaka 23 kwa dozi ya juu, yaani kila mtu alidhani tumemaliza. Ikaja CONSCIOUS-2 mwaka 2011, wagonjwa 1,157, hali ya wagonjwa baada ya wiki 12 haikuwa na tofauti ya maana. Japani waliiruhusu 2022 kutokana na majaribio yao wenyewe, halafu mwaka uliofuata jaribio jingine kubwa la nje likagonga mwamba. Magnesiamu nayo ilipendeza sana kwa panya, kwa wagonjwa 1,204 wa jaribio la MASH-2 mwaka 2012 hakuna kitu. Simvastatini, ile dawa ya kolesteroli, hivyohivyo 2014.

Halafu kichekesho ni kwamba dawa ambayo hospitali zinaitumia kweli, nimodipini, vidonge vya miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, ile iliyoonyesha kwenye jaribio la Uingereza la 1989 kwamba ubongo kufa sehemu kunashuka kutoka asilimia 33 mpaka 22, kwenye anjiogramu, yaani picha ya mishipa, haifungui mishipa ya kueleweka. Yaani iliyofungua mshipa haikusaidia mgonjwa, na iliyosaidia mgonjwa haikufungua mshipa. Sasa wewe unalipia kifurushi ambacho kipimo chake kikuu ni upana wa mshipa, si unajua unachonunua? Nilimuuliza muuzaji swali hili kwa imeili, akajibu kwa brosha.

Bosi akakubali tulipie vyote viwili, sindano kundi dogo, uzi kundi kubwa.

Ripoti ya kwanza ya uzi ilipokuja nilikasirika kidogo. Imepambwa, ina rangi, ila grafu zote ni za panya waliofika mwisho, waliokufa wametajwa mstari mmoja chini kwa herufi ndogo bila kusema nani alikuwa kundi la dawa na nani alikuwa kundi la maji chumvi, yaani wasiopewa dawa. Hii si kasoro ndogo. Fikiria dawa yako inaokoa mahututi, wale ambao wangekufa siku ya kwanza sasa wako hai ila wanaburuza miguu, ukihesabu walio hai tu kundi la dawa litaonekana lina hali mbaya kuliko wenzao, wakati wenzao wagonjwa wao walishazikwa. Na kinyume chake pia, dawa inayoua wanyonge itabakiza wenye nguvu na utaiona ya ajabu. Tuliandika imeili kali, wakatuma data yote ghafi, kila panya na siku aliyokufa na sababu, na kusema kweli baada ya hapo walikuwa wastaarabu. Lakini kwa nini mpaka tulalamike? Mwongozo wa ARRIVE, wa namna ya kuripoti tafiti za wanyama, upo tangu 2010 na ukaboreshwa 2020, unasema wazi utaje wanyama wote, waliotolewa na kwa nini.

Kitu walichokifanya vizuri zaidi ya nilivyotegemea ni kupima damu. Kila ubongo ulipigwa picha upande wa chini, wanagawa sehemu sita, kila sehemu inapewa 0 mpaka 3, jumla 18, hii ni skeli ya Sugawara ya 2008 na kila mtu kwenye fani anaielewa. Aliyepata alama za chini sana anatolewa kwa sababu damu haikumwagika ya maana, na sheria hiyo waliiandika kabla ya kuanza, sio baada ya kuona matokeo. Anayetoa alama hajui panya yupi kapata dawa. Safi.

Matunzo ya wanyama pia niwape maua yao. Buprenofini ya maumivu walipewa kwa ratiba, wanatazamwa hata usiku, kuna karatasi ya dalili na mnyama akifika kiwango fulani anasitishwa asiendelee kuteseka, hasubiriwi afe ili tu upate namba. Kwa sheria ya Ulaya ya 2010 jaribio kama hili la uzi linaweza kuwekwa daraja la juu kabisa la ukali, kibali chake si cha kuombea mlangoni, na hapo nilielewa kwa nini kifurushi kile ni ghali.

Nisichokipenda ni aina ya panya. Default yao ni dume kijana mwenye afya, miezi miwili na ushee, hana presha. Mgonjwa wa kweli mara nyingi ni mama wa miaka 55, ana presha, pengine anavuta sigara. Tulipoomba majike na wenye umri mkubwa kidogo wakasema inawezekana kwa nyongeza, na nyongeza yenyewe ni ya kukaa chini kwanza. Na hata ungelipa, mishipa ya panya hujikaza kidogo na kwa muda mfupi ukilinganisha na binadamu, hilo hakuna pesa inayolitatua. Sungura wanapatikana pia, mbwa hawafanyi tena, nyani hawakutaja na sikuuliza, ile modeli ya nyani ya kuweka bonge la damu kuzunguka mshipa iliyofanywa Kanada miaka ya 1980 ndo iliyokuwa karibu zaidi na binadamu lakini leo nani anakupa hicho kibali.

Mengine ya haraka haraka: invoisi ilikuja na kipengele cha "maandalizi" ambacho hakikuwepo kwenye makadirio, waliifuta tulipouliza. Sampuli zilifika na barafu kavu bado ipo. Simu hawapokei Ijumaa mchana, usijisumbue.

Nyota: sindano nawapa mbili na nusu, mikono mizuri ila bidhaa inajibu swali dogo. Uzi nawapa nne, ingekuwa nne na nusu bila ile ripoti ya kwanza. Ukienda kwao andikisha kwenye mkataba kabla hujalipa senti: jedwali la vifo kwa kila kundi, fundi mmoja tu kwenye uzi, wapimaji wasijue makundi, na tabia ya mnyama ipimwe kwa siku kadhaa, sio mshipa peke yake.

Na mtakaouliza dawa yetu imefanyaje, kwenye sindano ilipendeza sana, kwenye uzi tofauti haionekani, bosi kasema tunanunua uzi mwingine kabla hatujamwambia mtu yeyote kitu.