Uzoefu wangu: nilitaka bonde dogo kwenye deki ya foili, fundi akanichimbia kisima

Naandika huku mikono inaniwasha vumbi la faiba kwa hiyo mnivumilie. Kama uko Mtwara na una bodi ya foili, ule ubao wa kusimama baharini wenye bawa chini ya maji linalounyanyua juu, ukawaza kuibadilisha deki, soma hapa kwanza halafu ndio uite bodaboda. Na deki naongelea pale juu unapokanyaga, sio deki ya kupiga na tambara, maana nilivyomwambia mke wangu napeleka deki kwa fundi alinitazama sana.

Bodi yenyewe niliachiwa na mgeni. Mimi kazi yangu kupeleka wageni baharini pale Mikindani, huyu alipomaliza likizo akaona mzigo wa ndege mkubwa akaniambia chukua, na bawa lake na mlingoti wake. Mlingoti wa foili kichekesho, badala ya kwenda juu unaenda chini ya maji, wazee wa ngalawa walicheka mpaka wakakaa chini. Ila siku kusi inavuma sawasawa na maji yamejaa, ukinyanyuka juu ya bahari kimyaaa, hata kile kishindo cha wimbi kugonga ubao hukisikii, hakuna anayecheka tena.

Shida ilikuwa deki. Imevimba katikati kama mgongo wa kobe, mguu wa mbele unakaa juu ya kilima unatapatapa, ukiegemea kisigino kidogo tu nyayo inateleza na foili ile haina subira, inakutupa. Yule mgeni alishanieleza kabla hajaondoka kwamba deki ikiwa na bonde miguu inashuka karibu na foili, mwili hauyumbi sana, halafu kingo za pembeni zinabaki juu kidogo kwa hiyo kisigino na vidole vinapata pa kusukuma. Unasukuma kidogo, chini kule bawa linasikia. Akasema bonde la sentimita moja linatosha, ukizidisha vifundo vya miguu vinauma na maji yanatuama.

Basi nikabandua pedi ya kukanyagia, nikaondoa ganda la juu, nikaenda kwa mzee mmoja mchonga vinyago. Nani mwingine huku kwetu anajua kuchonga kitu kikakaa sawa? Shikamoo babu, marahaba, akaibonyeza bodi kwa kidole gumba akasema "hiki kitu hakina mfupa". Mtu kazoea mpingo maisha yake yote. Tezo akaiweka chini hata hakuijaribu. Akachukua chupa ya soda akaivingirisha msasa, akaanza kuivuta toka mbele kwenda nyuma taratibu, kila baada ya mivuto kadhaa anafumba macho anapitisha kiganja, anarudia pale alipohisi. Mimi nimeshika uzi na rula, nimeutandaza uzi toka ukingo huu mpaka ule napima kina chini yake, sentimita moja, huku sentimita moja, kule sentimita moja. Elfu ishirini. Nilitamani kumwongeza.

Ingeishia hapo ningekuwa naandika kitu kingine.

Nikapeleka kwa fundi wa faiba, upande ule wa feri, ili atandike kitambaa cha faiba juu aifunge kwa resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Nikamtanguliza laki nzima. Nikamwambia mapema, kwa adabu kabisa, fundi humu ndani ni ile stairofomu, kama ile nyeupe wanayofungia TV mpya isivunjike, nimeambiwa haitaki resini ya kawaida inataka resini ya epoksi. Jamani. Yule mtu alinigeukia kama nimemtukania mama yake. "Wewe njomba unanifundisha mimi resini? Hizo boti zinazovuka kwenda Msangamkuu unajua nani kazitengeneza? Kanywe chai uko." Na vijana wake wakacheka. Na mimi mjinga nikaenda kweli kunywa chai.

Narudi, kitu cha kwanza ni sauti. Chiiiii, kama kitunguu kimegusa mafuta, ila taratibu. Resini imemwagwa pale mbele na bonde la babu linashuka mbele ya macho yangu, ile nyeupe inanywea inakuwa kama sukari iliyomwagiwa maji ya moto, kitambaa cha faiba kinazama nayo. Dakika chache shimo linaingia ngumi. Harufu mpaka kichwa kinauma. Na fundi kasimama na brashi mkononi anasema nini? "Bodi yako feki hii."

Feki! Resini ya boti ina kemikali inaitwa stairini, na ile nyeupe imetengenezwa na stairini hiyohiyo, zikikutana inayeyuka, ndio maana watu wa mabodi wanatumia epoksi ambayo haina hiyo kitu. Yeye boti zake anatandika kwenye kalibu, ndani hakuna stairofomu, kwa hiyo hajawahi kukutana nalo. Sawa, kutojua sio kosa, mimi mwenyewe nilijua juzi tu kwa kuambiwa. Lakini mtu si KAKUAMBIA? Laki yangu nikaomba, jibu lake "hela imeshakuwa resini".

Niwe mkweli, boti anajua. Ya kazini kwetu alishaiziba na mpaka leo haiingizi tone. Kwa boti ningemtuma mtu kwake. Lakini kwa bodi, hata kiti cha plastiki nisingempelekea, na kwa boti pia sijui, mtu asiyesikia asiyesikia tu.

Epoksi nikaagiza Dar, ikaja na basi, bei yake sitaki kuisema mke wangu asije akasoma. Nikakwangua uchafu wote uliogandamana kama ulimbo, nikabandika vipande vya stairofomu kwenye shimo, babu akaja na chupa yake tena. Ila pale kushoto mbele pameliwa sana, kujaza hakukutosha, bonde limefika kama sentimita mbili na limelalia upande. Epoksi nilipima kwa mizani ya jikoni na hapo na mimi niliboronga, nilichanganya nyingi na dawa yake ya kugandisha kwenye kopo moja ikapata moto ikaanza kutoa moshi, nikaitupa nje mchangani. Kopo la pili kidogokidogo, ikakubali.

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Nimeingia nayo majini maji yamejaa, upepo mzuri, na ile bodi INATII. Mimi natanguliza mguu wa kushoto kwa hiyo visigino viko kushoto, na kulekule ndiko shimo lilikoliwa, kisigino kinatumbukia mle kinapata ukingo mrefu wa kusukuma, nikipewa mgongo na upepo naendesha kwa kuwaza tu. Sijaanguka hata mara moja kwenda. Kurudi, upepo ukiwa usoni, kifundo kinauma na nikisimama maji yamejaa mle kama bakuli. Lakini kule kwenda! Sentimita moja ya babu ingefanya hivi? Sidhani. Sipendi kabisa kwamba sidhani.

Babu nyota tano, sita zikiwepo. Fundi nyota moja. Haya mbili, ya kisigino. Halafu nikasikia anawaambia watu pale feri kwamba lile bonde ni ubunifu wake, aliliyeyusha makusudi, basi narudisha zote mbili nabakiza sifuri.

Jana nimepita pale, kanipigia kelele toka ndani, "Njomba! Bodi si inakwenda?" Nikasema inakwenda. Nikatembea kama hatua kumi nikarudi, nikamwambia fundi naomba laki yangu. Akacheka, akajipapasa mifukoni, akanipa elfu thelathini zimelowa resini hazikunjuki. Sabini bado. Ijumaa napita tena.