Grand Seiko au Rolex?

Ukiniwekea mezani saa mbili za mkononi, Grand Seiko yenye mtambo wa Spring Drive na Rolex Datejust, mkono wangu utaenda kwanza kwa Mjapani. Itazame kwa karibu ile iitwayo Snowflake: uso wake mweupe una vijikunjo kama theluji iliyopeperushwa na upepo, na mshale wa sekunde wa buluu unateleza juu yake bila kurukaruka. Nguvu inatoka kwenye springi, si betri, ila mwendo unadhibitiwa na fuwele ya kwatzi. Ndiyo maana hukosea takriban sekunde 1 tu kwa siku. Tena ni ya titani, nyepesi mno mkononi. Rolex hutegemea mitambo pekee, na bado inaahidi kutozidi sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Hiyo nayo ni kazi ya kuheshimiwa.

Kwa jina, Mswisi hashikiki. Rolex ilitoa Oyster, saa isiyoingiza maji, mwaka 1926, na mwaka uliofuata muogeleaji Mercedes Gleitze akaivaa shingoni akiogelea kati ya Ufaransa na Uingereza. Leo hata asiyejua saa analitambua lile taji, nembo ya Rolex. Grand Seiko ipo tangu 1960, lakini ilitenganishwa na Seiko kuwa chapa inayojitegemea mwaka 2017, na wengi bado huiona Seiko ya kawaida tu. Linaniuma hilo.

Ukifikiria kuja kuiuza, chukua Rolex, kwa kawaida hushika bei vizuri zaidi. Mimi ninayetaka kuitazama kila asubuhi, nipe Snowflake.