TAHADHARI: Ile "busta" ya waifai ya kuchomeka ukutani, msinunue

Wakuu, kabla hujabonyeza lile tangazo la kiboksi cheupe chenye antena tatu kinachoongeza waifai "mara tatu", soma hapa kwanza, mimi nimeshapigwa tayari na sitaki mwingine aingie mkenge huu huu.

Waifai ya nyumbani ilikuwa inanitesa kweli. Sebuleni inakimbia, ukisogea koridoni vistari viwili, ukifika chumba cha mwisho hamna kitu, video inazunguka tu. Muuzaji huko inboksi alikuwa mtamu balaa, "bosi hii inapandisha intaneti hadi 300", nikamuuliza hiyo 300 inatoka wapi wakati kifurushi changu ni Mbps 20 (hiyo ndo spidi ya intaneti ninayolipia), akasema teknolojia mpya. Hapo ndo nilitakiwa nishtuke, ila saa ya ofa ilikuwa inahesabu dakika zinaisha nikalipa chap chap. Baadaye nimekuja kugundua ukifungua ule ukurasa upya saa inaanza mwanzo, yaani ofa haiishi milele.

Mzigo ukaja, nikachomeka, vistari vikajaa vyote nikafurahi kama mtoto. Kupima spidi sasa. Karibu na ruta 19, chumbani bila busta 6, chumbani na busta 4. Nne jamani! Kumbe vile vistari vinaonyesha simu inavyosikilizana na kiboksi, havikuambii chochote kuhusu kiboksi kinavyosikilizana na ruta, na mimi nilikichomeka kule kule waifai isikofika kama muuzaji alivyoniagiza, kazi yake ni kudaka waifai ya ruta na kuirudia, sasa kitarudia nini wakati chenyewe hakisikii? Halafu hivi vya bei chee vina redio moja tu ya masafa ya 2.4 GHz, inapokea kisha inarusha kwenye chaneli (njia ya mawimbi) ile ile, kwa hiyo karibu nusu ya spidi inapotelea humo humo. Sisemi ripita zote, yaani busta za aina hii, ni utapeli, za ukweli zipo na unaziweka katikati ya ruta na chumba, lakini hakuna hata moja itakayokupa spidi kuliko unayolipia.

Hasira zikapanda nikatafuta bisibisi. Ndani kuna kisaketi kidogo kama kiganja cha mtoto, na kati ya antena tatu ni moja tu ina waya uliounganishwa, zile mbili zimepachikwa kwenye kava basi, plastiki tupu. Nikapiga picha nikamtumia, akajibu "hizo mbili ni za balansi bosi". Za balansi! Kudai hela yangu, ananiambia nirudishe mzigo nje ya nchi kwa gharama zangu, nilivyobisha kanibloku.

Kama ushanunua, usikitupe tu wala kumgawia mtu hivi hivi, kimehifadhi paswedi yako ya waifai. Bonyeza kile kitundu cha riseti kwa sindano mpaka taa zizime na kuwaka upya, halafu badilisha paswedi ya ruta. Changu kilikuwa kinaacha na mtandao wake wa kusetia wazi kabisa, yeyote anaingia, na ukurasa wa ndani unafunguka kwa jina admin na paswedi admin.

Shida yangu yenyewe imeisha bila kununua kitu, ndo kinachoniuma zaidi. Nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya nikapata 20 zangu kamili, maana yake laini haina kosa, kosa ni waifai. Kwako ikiwa mbovu hata kwa waya basi wasumbue wanaokuuzia intaneti, hakuna antena itakayokusaidia. Ruta nilikuwa nimeiweka sakafuni nyuma ya tivii, imebanwa na chuma na ukuta. Nikaipandisha juu ya kabati huku koridoni, nikaitoa chaneli 6 walikojazana majirani wote nikaiweka 11, kwenye 2.4 ukitaka zisiingiliane ni 1, 6 na 11 tu hizo zingine usihangaike nazo. Chumbani sasa napata 13, inanitosha.

Juzi nimekutana nalo tena lile tangazo, picha zile zile, komenti za kusifia zile zile neno kwa neno, jina la muuzaji tu ndo jipya. Na sasa hivi antena zimekuwa nne.