Nimeweka taa kwenye mji wetu wa LEGO: seti ya vipande inafaa, ila jiandae na haya

Kama mji wako wa LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuchezea, umeujenga kwa kichwa chako mwenyewe, achana na seti za taa zilizotengenezwa kwa ajili ya boksi moja maalumu la dukani. Nyaya zake zimekatwa kwa urefu wa jengo lile tu, na wewe jengo hilo huna. Tafuta seti ya vipande: taa ndogo ndogo za LED zenye waya wake tayari, nguzo chache za barabarani, nyaya za kurefushia, vibao vya kugawia umeme na waya wa USB. Mimi niliagiza kwa wakala wa Kariakoo, mzigo ukaja Mtwara kwa basi, na pamoja na nauli yake sikufika shilingi 70,000. Nimeipenda sana, ingawa kuna mahali imeniudhi.

Mji wetu ni mfano wa Mikindani, mji mkongwe wa pwani karibu na Mtwara. Mimi na wanangu tumeujenga juu ya meza hapa nyumbani Shangani, Mtwara: nyumba za mawe zenye roshani, ghuba, majahazi, na kule mlimani Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na mnara wake.

Sifa ya kwanza naipa waya. Ni mwembamba kama unywele, na bila hivyo kazi hii isingewezekana. Vinundu vya juu ya tofali la LEGO vimepishana milimita 8 kutoka kati hadi kati, kwa hiyo baina yao kuna mfereji. Waya upitishe humo. Ukiulaza juu ya kinundu, tofali la juu linakaa upande, na ukilikandamiza kwa nguvu waya unakatika. Ukiwa mferejini, unabonyeza tofali linaitika kama kawaida. Sisi tumeupandisha kwa ukuta wa nyuma wa Boma mpaka kileleni mwa mnara, na ukisimama mbele huuoni.

Rangi ndiyo ya kufikiria kabla hujalipa. Muulize muuzaji kelvini ngapi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Taa ya karibu 3000 ina unjano wa nyumba yenye watu. Ya 6000 ni nyeupe yenye ubuluu, na ukiijaza kwenye nyumba za Mikindani mji unafanana na korido ya hospitali. Seti yangu ilikuwa na aina zote mbili. Za njano nimeziweka majumbani na kwenye baraza, nyeupe zimekwenda gatini na kwenye duka la dawa, na hapo zimependeza kweli.

Sasa jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikuligusa kabisa. Boma letu ni jeupe, na tofali jeupe la LEGO linapitisha mwanga. Tulipowasha mara ya kwanza ukuta mzima uling'aa, na madirisha hayakuonekana tena kuwa madirisha. Dawa yake ni kujenga ukuta wa pili kwa ndani kwa matofali meusi, au kubandika karatasi ngumu nyeusi. Usitumie karatasi ya fedha ya kufungia chakula, kwa sababu inapitisha umeme na ikigusa sehemu iliyo wazi utapiga shoti. Kwenye madirisha tukaweka karatasi ya kukopia ramani, ile inayopitisha mwanga kidogo. Hutaki mtu aone kitaa chenyewe kikimchoma macho. Unataka aone chumba kina mwanga. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya mji na mapambo ya sikukuu, na taa chache zilizofichwa vizuri zinashinda nyingi zilizotapakaa.

Kilichoniudhi ni vichwa vya kuunganishia nyaya. Ni vidogo mno, vinaingia upande mmoja tu, na maelekezo yana picha ndogo isiyosomeka. Tumia kibanio, washa tochi ya simu, tazama vijino vya shaba viko upande gani, na kikigoma usilazimishe, maana pini za ndani zinapinda. Muuzaji nilipomwomba vichwa vya akiba alikaa kimya. Hilo nalihesabu kama dosari ya huduma, si ya bidhaa.

Kuna na chumvi. Sisi tulio karibu na bahari tunajua inavyokula kila kitu. Baada ya muda nguzo mbili za barabarani zilizimika, nikazipeleka kwa fundi simu Chikongola. Kijana akaniamkia, akazitazama kwa lenzi yake, akasema, "Mama, taa hazijafa hizi. Huku kwenye kichwa pameota kijani." Akasugua kwa brashi na spiriti, zikawaka palepale. Nikamwomba aniongezee taa za vyumbani, naye akanieleza: LED nyeupe inataka volti 3 hivi, USB inatoa 5, hizo 2 zinazobaki lazima zibebwe na rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme usipite mwingi. Ukiweka ya omu 100 unapata miliampea 20, mwanga mkali. Yeye aliweka ya omu 470, inapita kama miliampea 4 tu, na kwa chumba cha tofali inatosha na kubaki. Kila taa ina rezista yake na imeungwa sambamba, hivyo moja ikifa zingine haziguswi.

Umeme ukikatika nilidhani pawabenki itatuokoa. Inawasha mji, halafu baada ya muda mfupi inajizima yenyewe. Pawabenki nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana zinadhani simu imejaa, zinafunga. Chaja ya kawaida ya ukutani haina shida hiyo. Kwa usiku wa giza tunatumia kiboksi cha betri 3 ndogo za AA, jumla volti 4.5, mwanga unapungua kidogo tu.

Kwenye seti kulikuwa pia na taa mbili za majahazi zinazotumia betri bapa, ile 2032 ya volti 3. Hizo nimezitoa na kuzifungia kabatini. Mtoto akimeza betri ya aina hiyo inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache, na kitindamimba wangu bado anatia kila kitu mdomoni. Kama una mtoto mdogo, mwambie wakala akuletee seti isiyo na betri hizo, na kiboksi cha AA kiwe cha kufungwa kwa skrubu.