Mgeni Dodoma: nguo ya kudumu uitafute wapi kwanza

Nilihamia Dodoma kutoka Mombasa na begi moja la nguo za pwani: madera, mashati mepesi, sweta moja ya kuazima. Mwaka haukuisha nusu yake ilikuwa matambara. Sehemu kubwa ya maji ya hapa hutoka visima vya Makutupora, na ni maji magumu. Unasugua sabuni, povu halitoki. Unaongeza sabuni, unasugua tena, na nguo inakauka imekakamaa kama turubai. Vumbi la kiangazi nalo linajipenyeza kwenye nyuzi na kuzisaga kila unapokunja kiwiko. Halafu inakuja Juni, asubuhi upepo unavuma, na mtu wa pwani anagundua kwamba hana nguo hata moja ya baridi.

Ndiyo maana nikimpangia mgeni mahali pa kununua, siangalii uzuri. Naangalia kitu kimoja: nguo hii itafuliwa mara ngapi kwa maji haya kabla haijaachia?

Kwa kipimo hicho, namba moja ni mitumba, na kwa mitumba mimi naenda soko la Sabasaba. Niliyezoea Kongowea, soko kubwa la Mombasa, sikutegemea mengi, lakini kwa jinzi, makoti, sweta na mashati ya pamba nzito sijaona pa kushindana napo. Sababu ni rahisi. Nguo ya mtumba imeshafuliwa huko ilikotoka. Kama ilikuwa ya kuchuja rangi, imeshachuja. Kama ilikuwa ya kusinyaa, imeshasinyaa. Unachokiona ndicho utakachobaki nacho.

Ila ujue kuchagua. Jinzi igeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Shika pale miguu miwili inapokutana, inyanyue uitazame dhidi ya jua. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chandarua, irudishe, hata kama mbele inang'aa, maana hapo ndipo jinzi zote hufia. Kisha vuta mshono wa pajani kwa mikono miwili: nyuzi zikiachana na kuonyesha meno, itapasuka siku unapanda bodaboda. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Mwisho soma lebo. Pamba tupu ni bora kuliko ile ya kuvutika, kwa sababu ule mpira uliochanganywa ndani huchoka kwa joto la jua, na magoti yanabaki yamevimba. Jinzi ninayovaa naandika haya niliinunua shilingi 12,000 za Tanzania na inaingia mwaka wa nne.

Waulize wauzaji siku ya kufungua belo, yaani robota jipya la mitumba. Kila mmoja ana siku yake, na akikuzoea atakwambia. Fika asubuhi, salimia vizuri, usianze na bei. Mama mmoja ninayenunua kwake sweta alinitazama nikibishana siku ya kwanza akasema, "Mwanangu, shikamoo haijapita unataka punguzo?" Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo ananiwekea.

Nguo za ndani usinunue mtumba. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku kuziingiza nchini, na bado utaziona zimetandazwa chini. Nunua mpya, za pamba.

Namba mbili ni fundi cherehani, na kwa nguo za kazini ningemweka namba moja. Mwanamke mnene au mwanamume mrefu anajua shida ya kutafuta saizi kwenye lundo. Fundi anamaliza shida hiyo, lakini kazi nusu ni yako. Kitambaa ukinunue mwenyewe, na kabla ya kulipa lowesha kona ya leso nyeupe uisugue juu yake. Leso ikitoka na rangi, achana nacho. Ukifika nyumbani kiloweke usiku kucha, ukianike, ndipo ukipeleke kukatwa. Pamba hurudi, yaani husinyaa, na ni heri irudi ikiwa bado kitambaa kuliko irudi ikiwa gauni.

Kwa fundi sema mambo mawili waziwazi: aache upindo wa kutosha ndani, ili mwakani ukinenepa apanue, na kingo zote apige ovaloki. Asipopiga, maji yetu haya yatazifumua ndani ya miezi mitatu. Na Mkenya mwenzangu, ukitaka gauni usiseme rinda. Hapa rinda ni mkunjo wa sketi. Nilitumia neno langu la nyumbani na fundi akaniletea gauni lenye marinda kiuno kizima. Lilishonwa vizuri sana, na bado silivai.

Msalato naupa nafasi ya tatu. Mnada ni Jumamosi, njia ya Arusha, na watu wengi wanaujua kwa ng'ombe na nyama choma. Nguo zipo, bei inashuka jua likielekea kuzama kwa sababu hakuna anayetaka kurudi na mzigo. Nenda kwa blanketi, shuka na nguo za kazi za shamba. Kwa shati la ofisini utazunguka siku nzima upate moja, na vumbi la mnada utakula bure.

Maduka ya nguo mpya pale Majengo na katikati ya mji yanakuja nyuma. Nayasema kwa uchungu, maana ndiko nilikopoteza pesa nyingi nilipofika. Nguo inameta, imekunjwa kwenye nailoni, bei yake karibu mara tatu ya mtumba. Shati langu la bluu la dukani lilipauka mabegani kwa wiki sita za kuanikwa, huku chini ya kola likibaki bluu ileile ya siku ya kwanza. Soksi, sidiria na sare za watoto nunua huko, lakini chunguza mshono kama ungechunguza mtumba.

Kuagiza Kariakoo kwa picha ya simu ni mwisho kabisa. Picha haikuonyeshi uzito wa kitambaa. Kama una safari ya Dar, tangu 2024 treni ya umeme inafika hapa, panda uende ukashike kwa mkono wako.

Na ukifika mjini mwezi wa tano, usianze na gauni wala jinzi. Nenda Sabasaba wiki hiyohiyo utafute sweta nzito ya sufu. Baridi ikishaingia, zile nzuri zimeshabebwa.